Farasi mgumu mdomo, mzito wa mguu: hii kubana na kuachia, niachie lini?

BintiKiira

Habari zenu wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni saisi kwenye banda moja upande huu wa Jinja, na wageni wakiwa wengi naongoza msafara pia. Njia zetu ni za vijijini kando ya Nile: marram (barabara za udongo), mahindi, miwa, watoto wanakimbia nyuma wakipiga kelele. Tuna jike mmoja mwekundu, hapa nitamwita Tangawizi. Ukiwa chini hana neno. Unamsugua, unamwinua kwato, unamtandika, yeye anasinzia. Shida inaanza mtu akiwa juu. Anashusha kichwa na kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, mpaka mgeni analalamika mabega. Kumsimamisha ni vuta nikuvute. Kumwondosha ni visigino mfululizo, anatoa hatua chache, kisha huyo kaingia kwenye mahindi ya watu, na mwenye shamba anakuja kunifokea mimi, si mgeni.

Halafu mvivu huyo huyo, boda ikitokea mbele, anageuka kwa kasi ambayo sijui huwa anaificha wapi.

Bosi anataka kuagiza lijamu kali, lile lenye vyuma virefu pembeni na mnyororo chini ya kidevu. Kuna msichana kutoka Uingereza aliyekuja kujitolea hapa, yeye kila saa alikuwa anatuambia: bana, achia, bana, achia. Nikimuuliza niachie lini, ananiambia nitahisi. Kuhisi nahisi, lakini nihisi nini? Mwenye kujua anieleze kama mtu atakayezishika hatamu kesho asubuhi, maana kesho asubuhi nitazishika.

MpandaMbio_Soroti

Dada usijisumbue. Hilo lijamu la mnyororo limetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Farasi ana kilo 450, wewe sijui kama unafika 60. Usipomwonyesha mkubwa ni nani, atakuonyesha yeye. Nilipanda kidogo Kenya zamani, farasi mgumu tulikuwa tunambadilishia chuma na maneno yanakwisha.

SaisiWaZamani

Binti, hujambo. Mimi nimeanzia kazi hii kwenye mabanda ya farasi wa mbio kule Ngong, Nairobi, nikiwa kijana wa kuzoa samadi, kisha nikavuka Busia na mpaka leo niko huku Uganda. Kwa hiyo nitasema kirefu, unisamehe.

Farasi hafundishwi na kule kubana. Anafundishwa na kule kuachia. Ukibana umeuliza swali tu. Chochote alichokuwa anakifanya ile sekunde ulipoachia, hicho ndicho anachokichukua kuwa jibu. Hajui ulitaka nini. Anajua tu kwamba kero ilikuwepo, nikafanya hivi, kero ikaondoka. Na nikisema sekunde, ni sekunde kweli. Ukichelewa, ameshafanya jambo jingine na hilo jingine ndilo ulilolilipa.

Sasa mtazame Tangawizi wako kwa jicho hilo. Mgeni amepanda, moyo unamwenda mbio, amezishika hatamu kama abiria aliyeshikilia mlango wa teksi. Lijamu linakaa pale kwenye ufizi mtupu kati ya meno ya mbele na magego, mahali penye ngozi nyembamba juu ya mfupa. Linabana. Tangawizi anasimama, linabana. Anainua kichwa, linabana. Anatembea alivyoambiwa, linabana. Hakuna jibu hata moja lililompa nafuu. Mwisho anajaribu kuliegemea kwa uzito wote wa kichwa, na kichwa cha farasi ni kizito, mikono ya mgeni inachoka, vidole vinalegea. Nafuu hiyo hapo! Umeona ni nani aliyemfundisha kuegemea? Ni wageni wenu, kila asubuhi, na wamelipa pesa kuja kufanya kazi hiyo.

Mahindi ni habari ile ile, tena mbaya zaidi. Anazinyakua hatamu, mgeni anaziachia zisimtoke mkononi kwa nguvu, na chakula kiko mdomoni. Amelipwa mara mbili.

Na ubavu. Kisigino kinapiga akisimama, kinapiga akitembea, kinapiga hata akiteremka mtoni. Wanasema amekufa ubavu. Hakufa. Msimamie jioni inzi akitua begani kwake, utaona ngozi inacheza pale pale alipotua. Anayemsikia inzi anasikia na kiatu. Ameshagundua tu kwamba kiatu hakina habari yoyote ndani yake.

Kesho asubuhi usianzie juu. Mvike hedikola, ile mikanda ya kichwani isiyo na lijamu, na kamba, ingia naye uwanjani kabla wageni hawajaamka. Simama pembeni ya bega lake, muombe arudi nyuma hatua moja. Kamba iishike karibu na kidevu, ielekeze kifuani kwake, kwa uzito wa vidole viwili. Usitikise, usipige kelele. Subiri. Asipojibu, ongeza kidogo, subiri tena, ongeza. Atajaribu mengi: atakusukuma, atageuza shingo, atainua kichwa. Wewe shikilia kipimo kile kile, usivute zaidi kwa hasira na usilegeze. Kulegeza wakati anapingana ndiyo hasara yenyewe, bora usingeanza. Kisha mwangalie kifua na magoti. Kabla mguu haujaondoka chini, uzito wake utahamia nyuma, utaona misuli ya kifua inabadilika umbo. Hapo hapo fungua vidole. Usipunguze, FUNGUA. Kamba ilegee kabisa. Mwache asimame, mwache afikiri. Wapo wanaosema akiramba midomo na kutafuna ndiyo ameelewa. Mimi siitegemei dalili hiyo, farasi anaramba midomo hata wasiwasi unapomtoka tu. Utajua ameelewa ukiuliza tena na akajibu upesi zaidi.

Na ukiuliza tena, rudi kwenye vidole viwili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jana ilibidi nguvu, basi leo wanaanzia kwenye nguvu. Farasi hatajibu swali dogo kama hajawahi kuulizwa swali dogo.

Kurudi nyuma kukiwa kwepesi, fanya vivyo hivyo kwa kusogea mbele na kusogeza matako pembeni, kisha panda. Juu ya tandiko nina sharti moja: mguu ukiuliza, mkono unyamaze, mkono ukiuliza, mguu unyamaze. Huku unambana ubavu aende, huku umemshika mdomo asiende, atakwenda wapi? Hata mimi ningelala usingizi.

Mguu: mkandamize kwa mashavu ya miguu yako, kidogo, mara moja. Kimya? Mguse nyuma ya mguu wako kwa kifimbo chembamba, vipigo vidogo vya harakaharaka visivyouma, usiache mpaka atoe hatua. Akitoa hatua, kila kitu kinanyamaza, mguu na fimbo. Mwache atembee mwenyewe. Moyo utakuwasha umwongezee kimoja cha tahadhari. Usimwongezee. Akipunguza mwendo, uliza upya kutoka chini kabisa. Siku ya kwanza utauliza mara nyingi mno mpaka ujihisi mjinga, na ni sawa.

Mkono: funga vidole juu ya hatamu kama unayekamua sponji, usivute kiwiko. Miguu ya mbele ikisimama, fungua vidole mara hiyo. Anza na hatamu moja, kulia, kushoto, kwa sababu shingo iliyopinda haiwezi kukuegemea vizuri. Zikishakuwa nyepesi moja moja ndipo uzishike zote mbili.

Lijamu jipya acha bosi asinunue kwanza. Vyuma virefu pembeni ni wenzo: mkono ukivuta kidogo, kidevu na utosi vinapata zaidi ya ulichovuta. Kwenye mkono unaojua kuachia, kifaa hicho kina kazi yake. Mkononi mwa mgeni aliyeogopa, ni maumivu yasiyo na mlango wa kutokea, na farasi anayeumia anachokijua ni kukimbia. Mtamtoa kwenye uvivu mumtie kwenye kutoroka, na kutoroka kwenye marram yenye malori ya miwa ni jambo jingine.

La boda nitarudi baadaye, nimeitwa.

DaktariWaMifugo_Mbarara

Mzee SaisiWaZamani ameeleza vizuri, ila kabla ya mafunzo yoyote fungua mdomo wa huyo farasi. Meno ya farasi hayaachi kuchomoza, yanasagika kadiri yanavyotoka, na taya la juu ni pana kuliko la chini. Kwa hiyo magego ya juu yanaota kingo kali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Mara moja kwa mwaka yaangaliwe na kupigwa tupa. Mwangalie pia jino dogo mbele ya magego, lijamu likiligonga anaweza kuegemea au kurusha kichwa kwa sababu hiyo peke yake. Mkanda wa pua nao: vidole viwili viingie juu ya mfupa wa pua bila kusukuma.

Baada ya safari pitisha vidole bapa pande zote mbili za uti wa mgongo. Akididimiza mgongo au akikaza misuli, tandiko linambana, na hilo huwezi kuliachia kwa vidole.

Na hili la uvivu: kama umeanza ghafla au anakonda, chukua damu ipimwe. Farasi hawana ustahimilivu wa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kama baadhi ya ng'ombe wetu wa kienyeji, na penye mbung'o farasi mchovu anaweza kuwa farasi mgonjwa. Homa za kupanda na kushuka, fizi nyeupe, uvimbe miguuni au chini ya tumbo, usisubiri.

MpandaMbio_Soroti

Kwa hiyo siku hizi ni kubembeleza tu? Akiondoka na mtoto wa mgeni barabarani nikae nisubiri uzito uhamie nyuma?

SaisiWaZamani

Hakuna aliyetaja kubembeleza, kaka. Nimesema ongeza mpaka ajibu, na kuna siku kuongeza huko kunafika mbali. Farasi akiondoka na mtu, fanya kinachookoa mtu: hatamu moja, mgeuze duara, duara linapungua mpaka asimame. Lakini hata hapo, miguu ikipoa, mlegezee. Ukiendelea kumnyonga baada ya kusimama, umemwonyesha kwamba kusimama hakumfai kitu, na safari ijayo hatasimama.

Daktari, asante kwa meno. Ningelitaja mwanzo.

Sasa boda. Hili napenda kulieleza kwa sababu hapo hakuna mtu aliyembana farasi wala aliyemwachia, na bado amefundishwa. Boda inakuja, inamsonga machoni na masikioni: hiyo ni kero inayozidi kila mita. Tangawizi anageuka ghafla. Na boda, kwa kuwa ina safari zake, inapita na kupotea. Kwa akili ya Tangawizi ni yeye aliyeifukuza. Kageuka, adui kakimbia. Boda ngapi zinapita barabara yenu kwa siku? Amefanya masomo mengi kuliko mtoto wa shule.

Kwa hiyo tafuta kijana mmoja wa steji, mlipe. Sehemu tambarare isiyo na watu, mtu mzoefu juu, siyo mgeni. Boda itangulie polepole, ninyi muifuate kwa mbali. Kitu kinachokukimbia hakitishi, utaona masikio yanaelekea mbele na yeye mwenyewe anaanza kuvuta kusogea. Boda isimame, akikaribia kwa utulivu iondoke tena. Baadaye izimwe, aje ainuse. Iwashwe ikiwa imesimama. Akicheza miguu, injini iendelee vile vile, isizidi isipungue. Akitulia hata kwa pumzi moja, zima. Mwisho ndiyo ije kutoka mbele, na kijana aelewe hivi: farasi akisimama, yeye anageuza anaondoka. Farasi akigeuka, yeye habanduki. Kuondoka kwa boda ndiyo malipo, na malipo yatolewe kwa kusimama.

MwongozaMburo

Nathibitisha hilo. Sisi wa Ziwa Mburo boda si tatizo letu, letu ni nyati kulala kichakani na twiga. Twiga waliletwa huku mwaka 2015 kutoka Murchison Falls, na farasi mgeni akimwona wa kwanza ile shingo inamchanganya kabisa. Tunasogea, anakaza, tunasimama hapo hapo bila kumlazimisha. Akishusha shingo mwenyewe, tunamgeuza tunaondoka kidogo, kisha tunarudi karibu zaidi. Ukimgeuza akiwa bado amekaza umemfundisha kukaza. Pundamilia hawana shida, wanamwona ndugu.

PundaWaSebei

Mimi sina farasi, nina punda wa kubebea viazi mlimani huku Kapchorwa. Nilikuwa nacheka kusoma haya mpaka nikajaribu ile ya kamba. Punda wangu ukimvuta anakuwa mti. Leo nimekaza kamba, nikasimama tu bila kumvuta, alipoegemea mbele nikaachia. Amekuja! Watu wa sokoni wameniuliza nimempa nini.

SaisiWaZamani

Punda ana subira kuliko farasi, utachoka kabla yake. Leta kiti ukae.

BintiKiira

Mzee, asante sana, na wote mliojibu. Nimeanza na kamba. Ya kurudi nyuma ameishika haraka kuliko nilivyotegemea. Ya kusogeza matako kulia ni rahisi, kushoto anaganda kabisa. Nikipanda mwenyewe asubuhi anakwenda kwa shavu la mguu bila fimbo. Sijaamini.

Lakini mimi nampanda kwa muda wa saa moja, wageni wanampanda kwa muda wa saa tatu. Kila siku mtu mpya, na mtu mpya anashikilia mlango wa teksi, kama ulivyosema. Si watanivurugia kila kitu?

SaisiWaZamani

Watakuvurugia, ndiyo. Banda la wageni halitoi farasi wa maonyesho. Unachoweza ni kupunguza wanachoharibu.

Mfungie Tangawizi kamba ya ngozi shingoni, mbele ya tandiko. Mgeni akiogopa ashike hiyo, siyo mdomo wa farasi. Mwambie kabla hajapanda, akiwa bado ardhini anakusikiliza, maana akishakaa juu masikio yanaziba. Mwambie mambo mawili tu. Akitaka kusimama, afunge vidole, farasi akisimama afungue. Akitaka kwenda, abane mara moja, farasi akienda aache. Mfanyishe mara chache pale pale uwanjani mkiwa bado na muda, yeye mwenyewe aone farasi anavyomjibu. Wageni wanapenda sana hilo, wanajisikia wamejua kitu, na tipu nayo inanona.

Hatamu zifundikwe mahali ambapo mgeni akizishika hapo farasi anatembea huru. Kwa ajili ya mahindi, kamba nyembamba kutoka kwenye tandiko hadi kwenye hatamu pembeni ya shavu: ndefu ya kumwezesha kutembea na kichwa chake, fupi ya kumzuia asifike chini. Akijaribu, kamba inamkaza yeye mwenyewe, akiinua inalegea. Kamba haichoki wala haina huruma, na haichelewi hata sekunde. Hakikisha tu mkifika mlima mkali au maji unaifungua, anahitaji shingo kujisawazisha.

Uzito nao. Mpandaji pamoja na tandiko visizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kama Tangawizi ana kilo 450, ni kilo 90 zote kwa jumla. Mgeni wa kilo 100 mpe farasi mkubwa au mpe mtumbwi.

Na safari yenyewe, yeye akae nyuma ya farasi wako. Atafuata mwenzake bila mtu kumgusa, na muda wote asioguswa ni muda ambao hakuna anayemfundisha vibaya. Ya kushoto usiwe na haraka. Simama upande ule, uliza kidogo zaidi, achia kwa kidogo zaidi. Na mwombe daktari amguse kiuno cha upande huo.

BintiKiira

Nimemsomea bosi yote haya, hasa pale pa malori ya miwa. Lijamu limeahirishwa mpaka meno yaangaliwe. Kijana wa steji naye amekubali, ila anauliza atalipwa kwa saa au kwa safari.

SaisiWaZamani

Kwa saa. Ukimlipa kwa safari atakimbia.